Geji, Boya na Jikoni kwa Mama Chebet

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Stesheni ya kupima maji hakunionyesha kiti. Alinipa gambuti na penseli, akanipeleka hadi ukingoni mwa Ziwa Nakuru, kwenye geji: ubao mrefu wenye alama za sentimita, uliosimikwa majini.

“Kijana, uje uisome kila asubuhi kwa macho yako,” akasema. “Na namba ikigoma kubadilika siku tatu, usilaumu ziwa. Ziwa halilali. Aliyelala ni wewe.”

Nilicheka kichinichini. Ujana, jamani!

Niliisoma geji ile miaka mingi, mvua ikininyeshea, viboko wakinikoromea, na niwaambie ukweli, nilikuwa na raha. Hata harufu ya magadi naikumbuka kwa hamu.

Nilipokaribia kustaafu akaja Mhandisi, binti mchangamfu, na maboya yake. Boya lilikuwa bomba la plastiki, betri, sola ndogo na laini ya simu. Chini yake sensa, kifaa kinachohisi uzito wa maji na kujua kina. Vitu vya bei nafuu, fundi wa mtaa wa Bondeni aliviunganisha. Kila robo saa namba iliingia kwenye simu yangu.

“Mzee, sasa pumzisha miguu,” Mhandisi akaniambia. Nikapumzisha, tena kwa furaha.

Msimu ule ziwa lilikuwa linapanda. Mama Chebet, mjane aliyelima kando ya ziwa, akanipigia. “Mzee, nihame ama ningoje nivune?”

Nikatazama simu. Namba ilikuwa ileile tangu juzi. “Ngoja tu, mama. Maji imetulia.”

Kesho yake akapiga tena. “Mzee, maji iko jikoni.”

Tulimtoa salama, yeye na wajukuu. Mahindi yote yalizama. Nilipoivuta sensa, tundu lake lilikuwa limezibwa na gamba la magadi, gumu kama ukoko wa ugali. Mhandisi alitaka kubeba lawama, nikakataa. Yeye hakuambiwa habari ya siku tatu. Mimi niliambiwa, na bado naona haya.

Tangu hapo sensa husuguliwa kila wiki. Maboya ni mazuri, vijana, msije mkasema mzee anachukia mashine.

Sasa nimestaafu. Mama Chebet anauza viazi vya Mau Narok huko Bondeni, akingoja shamba lake litoke majini. Hunipigia kila asubuhi.

“Ziwa inasemaje leo?”

“Imeshuka kidole kimoja, mama.”

“Umesoma kwa simu, ama umeona?”

“Nimeona. Geji nimeichora kwa ukuta wako. Hata sasa nimesimama hapa jikoni kwako, maji iko magotini.”