Fundi Rangi Aliyekataa Kupaka Pango

Mjini kwao walimwita Mama Brashi, na jina lake halisi labda lilijulikana kwenye kitambulisho tu. Alikuwa amepaka rangi shule mbili, zahanati, posta na nusu ya maduka ya barabara kuu. Ufundi aliupata kwa baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume wala hakuona sababu ya kumsubiri.

Jumatatu moja msimamizi wa kazi za mji alimtuma kwenye pango nyuma ya kilima. Watu walizoea kukokea moto humo wakienda matembezi, na kuta zilikuwa nyeusi tititi. Ijumaa wageni wakubwa wangepita. Lipigwe chokaa, ling'ae.

Mama Brashi alikwenda na mdogo wake wa kike, msaidizi wake wa miaka mingi. Hapakuwa na siku aliyowahi kupaka juu ya masizi, kwa hiyo alishika brashi laini, akaanza kusugua. Masizi yakamwagika kama unga. Chini yake kukachungulia wekundu.

"Dada, hiyo kutu?"

"Kutu kwenye jiwe? Lete tochi!"

Akapuliza. Mguu. Akapuliza tena: mguu wa pili, tumbo, shingo, pembe mbili zilizopinda. Kando ya mnyama yule walikimbia watu wadogo kama vidole, na juu yao kulikuwa na alama ya kiganja.

Akasogeza uso karibu kabisa, mikono kaificha mgongoni asije akagusa.

"Hii si ya dukani," alinong'ona. "Ni udongo mwekundu, umesagwa ukasagika. Halafu tazama huo mgongo! Kauvuta mara moja tu, mkono haukutetemeka. Mdogo wangu, huyu alikuwa fundi!"

Saa sita msimamizi akafika na pikipiki yake. Aliona ndoo za chokaa hazijafunguliwa, akapandwa na hasira.

"Mama, hivyo ni vichoro vya wachunga mbuzi!"

"Masizi yalikuwa juu ya michoro, bosi. Na masizi haya bibi yangu aliyakuta. Sasa niambie, huyo mchunga mbuzi alizaliwa lini?"

"Ijumaa wageni wanakuja!"

"Waje. Chokaa humu haiingii." Akageuza ndoo tupu, akaikalia katikati ya mlango.

Msimamizi alifoka, akabembeleza, akaondoka. Mdogo mtu naye akatimua mbio kwenda kupiga simu makumbusho.

Alhamisi mtaalamu akaja, mama mmoja mfupi mwenye taa kichwani. Alilala chali chini ya mwamba, akageuza taa taratibu kutoka mchoro hadi mchoro. Kumbe analia, tena anacheka.

"Nani ameigundua?"

"Mimi."

"Umesugua?"

Mama Brashi akainamisha kichwa. "Kidogo. Mnyama huyu alikuwa na mkia. Nimeufuta kabla sijajua. Nisamehe."

"Usisugue tena hata nukta," mtaalamu alisema, akamshika bega. "Ungepaka chokaa, leo tusingekuwa na mnyama wa kumsikitikia mkia."

Wageni wa Ijumaa walipangiwa nusu saa. Walikaa saa tatu. Na nani aliwashikia taa? Msimamizi mwenyewe, akieleza kila kitu kana kwamba alikuwepo siku ile michoro ilipochorwa.

Ikafuata miaka sita ya vipimo, barua na vikao. Wataalamu walihesabu michoro mia mbili na kumi na miwili, yenye umri wa maelfu ya miaka. Ombi likapelekwa mbali, kwa wanaoamua kitu gani ni urithi wa dunia nzima.

Siku ya uamuzi Mama Brashi alikuwa juu ya ngazi, akipaka wodi ya wazazi rangi ya kijani. Mdogo wake akaingia akikimbia, simu juu.

"Dada! Wamepitisha! Tumo kwenye orodha!"

Alishuka vidato vitatu kwa mpigo, akamkumbatia muuguzi mkuu aliyekuwa karibu, na gauni jeupe likageuka kijani mgongoni. Hakuna aliyejali. Wazazi walipiga vigelegele vitandani bila kujua vizuri wanashangilia nini.

Alipofika kilimani, nusu ya mji ilikuwa imemtangulia, wote wakitaka kuingia kwa pamoja.

"Simameni!" alipiga kelele, brashi bado mkononi. "Pumzi zenu zinaharibu rangi! Watu kumi kumi, na asiguse mtu!"

Wakacheka, lakini wakapanga foleni. Kila kundi lililotoka lilitoka na macho makubwa, likirudi nyuma ya mstari kupanga upya. Naye akasimama mlangoni akihesabu vichwa, akicheka na kufoka kwa zamu, mpaka sauti ikamkauka.