Chemchemi ya Tatu ya Üçpınar

Nazife ni mtu wa kuhangaika. Mkate ukiwa tanurini anawaza utaungua. Ukitoka salama anawaza hautatosha. Ila mwaka alipomwoza Kenan, mwanawe wa pekee, alikuwa na sababu.

Jina la kijiji chao, Üçpınar, maana yake ni Chemchemi Tatu, na bibi harusi akiletwa huzungushwa kwa ngoma na zumari, anywe kwenye zote kabla ya kuvuka kizingiti cha mumewe. Kiangazi hicho ya tatu, inayotoka kwa bomba ukutani, ilikauka kabisa. Nazife alilala na kuamka na hilo: msichana akikuta bomba kavu, kwao watasema hakupokewa sawasawa, naye ataishi humu kama mgeni.

"Akinywa mbili atakufa?" aliuliza Rüstem, mumewe.

"Usinitie wazimu, Baba Kenan. Lete lile tangi la trekta, ulijaze maji."

Basi siku ya harusi Rüstem akajibanza nyuma ya ukuta wa chemchemi, suti mpya imejaa matope, akauchomeka mpira wa tangi kwenye bomba la zamani. Msafara ulipofika, maji yakatiririka. Nazife akashusha pumzi.

Bibi harusi, Sevgül, akainama, akakinga viganja, akanywa. Akakunja uso.

"Mama, mbona maji yananuka dizeli?"

Zumari likanyamaza. Nyuma ya ukuta Rüstem akapiga chafya.

"Uishi miaka mingi, ewe chemchemi!" akaitikia shangazi wa bibi harusi, kama anavyoombewa mtu akipiga chafya, na watu wakaangua kicheko.

Nazife hakucheka. Akamsogelea Sevgül. "Imekauka, mwanangu. Niliogopa utajiona hujapokewa."

"Mama yangu, mimi nimezaliwa Dokuzkuyu. Visima Tisa! Tangu nizaliwe nimeviona viwili tu vyenye maji. Vile saba maharusi wetu wanainamia shimo, wanakunywa hewa, maisha yanaendelea." Akapaza sauti kuelekea ukutani. "Baba, funga hayo maji, tafadhali. Nataka kunywa upya."

Maji yakakatika. Sevgül akakinga tena viganja chini ya bomba kavu, akavipeleka mdomoni taratibu, akajifuta kwa shela.

"Haya, yamenikolea. Nipeleke nyumbani, mama."

Nazife akamshika mkono, wakatangulia mbele ya ngoma.