Nilivyomkosesha Mama Rehema Uenyekiti wa Kijiji

Nilimwambia mgombea wangu asipike msibani. Kosa lenyewe ndilo hilo. Nalitaja mapema ili anayetaka kunicheka aanze sasa.

Nilikuwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Wanakijiji waliniita Bibi Maendeleo. Siku ya kwanza kazini, huko Kisanga, Mtendaji wa Kata alinitazama nilivyoikumbatia meza yangu.

"Binti, wanawake unaowatafuta hawaji hapa. Wako kisimani, kwenye kwaya, misibani. Wafuate."

"Sawa, mzee," nikajibu, kisha nikasogeza kiti penye kivuli. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata ofisi niliigeuza nyumba.

Kazi yetu kubwa ilikuwa hamasa, yaani kuwashawishi wanawake wachukue fomu za kugombea, wasingoje tu viti maalumu vilivyotengwa kwa ajili yao. Niliifanya Kisanga, nikahamishiwa Malolo, halafu Mikumi, na huko simu za kisasa zikanikuta. Nani kama mimi! Nikaunda magrupu, nikawa nahamasisha miguu ikiwa juu ya stuli. Mkuu wa Idara alipokuja kukagua akauliza, "Grupu lako lina watu wengi. Wanaoongea wangapi?" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Kituo cha mwisho kilikuwa Mamboya. Hapo nilimpata Mama Rehema, mwimbaji wa kwaya, aliyetaka uenyekiti wa kijiji ili bomba la maji lifike kitongoji chao cha juu. Hakukuwa na msiba ambao hakuonekana akisonga ugali. Wiki ya kampeni akafariki mzee mmoja, na Mama Rehema akapita kwangu amejifunga kanga, kisu mkononi.

"Shikamoo, Bibi Maendeleo. Nawahi jikoni kwa wenzangu."

"Marahaba. Jikoni? Wewe ni kiongozi sasa. Vaa kitenge kizuri, ukae mbele na wakubwa. Pole kwa akina mama nitaiweka kwenye grupu."

Akasita. "Watanionaje?"

"Watakuona mwenyekiti."

Akanisikiliza, maana mimi ndiye niliyekuwa na cheti. Akakaa mbele, wenzake wakihangaika na moshi. Pole niliiandika nikiwa nimejilaza. Wakaijibu wanaume wawili. Akina mama wengi hawakuwa na simu ya kuisomea.

Siku ya kura akina mama hao wakampa mwanamume aliyeshindana naye. Mmoja wao aliniambia bila hasira, "Hajawa hata mwenyekiti, ameshatukimbia. Akishapata atatujua?"

Mama Rehema hakunilaumu. Aliacha tu kupita kwangu. Uchaguzi uliofuata akina mama wenyewe walimfuata wakimsihi achukue fomu, akakataa. Watu wa kitongoji cha juu mpaka leo wanateka maji bondeni.

Nimestaafu, naishi hapahapa Mamboya. Kila mara namwandikia ujumbe wa kumwomba radhi, naufuta, naandika mwingine. Juzi nilimsomea jirani yangu, Mama Yohana, anisaidie kupanga maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama, akasema:

"Yule hataki kusoma. Nyumba yake ile pale nyuma ya kanisa, na miguu unayo."