Damu Ambayo Haikuwa Kichocho

Kwetu Simiyu, mtu akikojoa damu hakuna anayejiuliza mara mbili. Ni kichocho. Tumekulia kwenye majaruba ya mpunga na malambo ya kunyweshea ng'ombe. Damu iliponianza, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi Bariadi, nilikwenda zahanati nikiwa na jibu tayari. Nikameza dawa. Damu ikakata, ikarudi. Nikameza tena.

Pamoja nayo yalikuja maumivu ubavuni kushoto, na uzito kwenye nyonga kama wa mimba nisiyokuwa nayo. Yalinizidi nikisimama ubaoni. Kabla ya mapumziko nilikuwa nimeshaegemea ukuta, nikiandika hesabu zilizopinda huku wanafunzi wakitazamana. Siku za hedhi hata kukaa nilishindwa.

"Bado unachezea maji wewe," alisema mama mkwe, aliyekuwa akiishi nasi.

"Mama, sijakanyaga jaruba tangu nianze kazi."

"Basi hicho si cha hospitali. Twende Migato kwa waganga wanaojua, wakutazame."

Mume wangu aliendelea kumega ugali. Zahanati nilionekana mkaidi nisiyeacha kuchezea maji. Nyumbani nilionekana nimelogwa, nimetupiwa kitu. Sikuwa na pa kutokea. Nikaanza kuficha. Nilimwaga maji chooni mara mbili kabla ya kutoka. Chakula kikanishinda, nikakonda, na kadiri nilivyokonda ndivyo ubavu ulivyobana.

Jambo moja niligundua mwenyewe: nikijilaza kifudifudi, maumivu yalilegea. Nikiinuka, yalirudi. Nikajiuliza, kichocho gani hiki kinachojali nimelala au nimesimama?

Niliyasema hayohayo kwa daktari wa hospitali jijini Mwanza, baada ya mume wangu kukubali tuombe rufaa. Daktari aliangalia majibu yangu ya mkojo ya nyuma. Mayai ya kichocho hayakuwahi kuonekana. Akanipeleka kupigwa picha za tumbo.

"Mshipa unaotoa damu kwenye figo yako ya kushoto unapita katikati ya mishipa mingine miwili mikubwa," alisema, akibana kalamu kati ya vidole viwili. "Kwako nafasi ni finyu. Damu inakosa njia, inarudi nyuma. Nyingine inavujia kwenye mkojo, nyingine inajaa kwenye nyonga."

"Kwa hiyo sikuchezea maji?"

"Hapana, mama. Hukukosea chochote."

Nililia. Mume wangu akauliza kama nitapasuliwa.

"Si sasa. Aongeze uzito kwanza, mafuta ya tumboni huenda yakapanua nafasi kidogo. Tutamfuatilia."

Nilitegemea kutoka pale nimepona. Nilitoka na tarehe ya kurudi. Mama mkwe hakuamini habari ya mshipa, ila alianza kunisogezea maziwa ya mgando kila asubuhi, akisimama hadi nimalize. Nimenenepa kiasi. Mwalimu mkuu ameniruhusu kufundisha nimekaa, nikichoka kukaa nasimama. Miezi mingine damu haionekani kabisa, halafu inarudi, nami naiangalia nikijua inatoka wapi, bila uwezo wa kuizuia.