Taa ya Gari la Baba

Juzi taa ya cheki injini iliwaka kwenye gari langu. Najua kabisa ni sensa tu, kile kifaa cha injini kinachochafuka, lakini mkono wangu ulishafika kwenye paji la uso.

Nilipokuwa mdogo, gari la baba, Noah kuukuu, lilikuwa na taa kama hiyo, nami nilikuwa sijawahi kuiona imezimika. Kanisani kwetu Njombe, bibi alinifundisha kwamba taa ikiwaka kando ya tabernakulo, kile kisanduku cha Ekaristi, Yesu yumo. Basi nikajua yumo na garini, na kila nilipopanda nilipiga goti mlangoni. Mama alidhani nafunga kamba za viatu.

Alasiri moja kule Makambako, katikati ya upepo na harufu ya petroli, fundi alichomoa sensa, akaisafisha, akairudisha. Taa ikazimika. Baba akacheka. Mimi nikaangua kilio.

"Mmemtoa Yesu," nikasema.

Fundi akachungulia chini ya gari.

Nilikataa kupanda, nikapakiwa kama gunia la viazi. Tulipoanza mlima wa kurudi Njombe, taa ikawaka tena.

"Fundi yule hajafanya kitu," baba akasema, akiupiga usukani.

Mimi nilifanya ishara ya msalaba, nikasogea kidogo kwenye kiti ili naye apate pa kukaa.