Mlango wa Nyuma wa Lincoln Nyeusi

Aidarus alitoka Malindi akiwa kijana, akaja Dubai kuendesha magari ya watu, na sehemu kubwa ya maisha yake pale aliendesha ya nyumba moja tu: nyumba ya Bi Ghaliya, Rashidiya. Walikuwa watu wa Unguja waliohamia Ghuba zamani, lakini ndani bado kilisemwa Kiswahili cha kwao, na kwa hilo Aidarus hakuwahi kufikiria kutafuta arbab, yaani mwajiri, mwingine. Madereva wenzake wa mtaa wa Karama walimtania kwa wasiwasi wake. Alikuwa akifunga gari, akipiga hatua mbili tatu, kisha anarudi kuvuta tena kishikio. Yeye alisema bora acheke anayecheka, kuliko alie anayelia.

Kilichokuja kumwondolea usingizi ni gari. Mume wa Bi Ghaliya, marehemu Musallam, alipofika Ghuba mara ya kwanza aliendesha Lincoln ya bosi mmoja wa mafuta, na mpaka anaingia kaburini hakuchoka kuisimulia. Basi mwaka 2015 mtoto wao Thamer akaagiza kutoka Marekani moja ya aina ile, ya mwaka sitini na moja, akampelekea fundi Taib kule Al Quoz aifufue, ili binti yake Najla aende nayo ukumbini siku ya harusi.

Taib aliiondoa turubai. Lilikuwa gari refu, jeusi, lililonyooka ubavu mzima kana kwamba limekatwa kwa rula. Halikuwa na mapezi kwa nyuma wala nakshi kama magari mengine ya Kimarekani ya zama zile. Urembo wake ulikuwa utepe mmoja wa chuma king'aacho, uliotoka taa ya mbele ukapita juu ya milango mpaka taa ya nyuma. Paa lake la turubai lilijikunja lenyewe na kuingia ndani ya buti. Na milango ilifunguka kama ya kabati: wa mbele ukienda mbele, wa nyuma ukienda nyuma, vishikio vyake vikiwa vimekaa ubavu kwa ubavu. Ukifungua mlango wa nyuma, kioo chake kilishuka kidogo chenyewe kupisha paa, na ukiufunga kilipanda tena.

Milango hiyo ndiyo iliyomkosesha raha. Taib alimweleza huku akicheka kwamba katika gari la kawaida upepo husukuma mlango ujifunge, lakini huu wenye bawaba nyuma, ukiachia kidogo tu, upepo huupokea na kuufungua wote. Ndiyo maana waliweka taa nyekundu kwenye dashibodi, iwake mlango wowote usipokaza. Aidarus aliuliza mikanda iko wapi. Haikuwapo, zama zile haikuwa lazima. Alimwomba Thamer itiwe, naye Thamer akakubali bila ubishi, ila harusi ilikuwa imeshafika mlangoni, akasema itiwe baada yake, inshallah.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, alasiri, na upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza kuvuma na vumbi lake. Wanawake walipiga vigelegele uani huku Najla akiingizwa kiti cha nyuma. Bibi yake aliketi upande wa kulia, ubavuni mwa mlango, na baibui lake pana. Aidarus aliufunga mlango ule mwenyewe, akausukuma kwa kiganja, akatazama taa. Haikuwaka. Wakaondoka.

Walipopanda daraja la Garhoud, taa ikawaka.

Taa ile haikusema ni mlango upi. Aliangalia wa kwake, ulikuwa umefungwa. Kisha akasikia mluzi mwembamba wa upepo, akatupa jicho kwenye kioo cha kati, akaona dirisha la Bi Ghaliya limeshuka upana wa kidole. Ndio huo. Na Bi Ghaliya, aliyekesha na shughuli ya harusi wiki nzima, alikuwa amesinzia, bega na kichwa amevilaza mlangoni.

Kusimama pale darajani hakungewezekana. Nyuma yake kulikuwa na lori la mchanga lililomkaribia sana. Kufunga breki ghafla kungemrusha bibi, na kumwita kwa sauti kungemfanya ashtuke, ajiegemeze zaidi. Aidarus alipunguza mwendo kidogo kidogo, akatoa mkono dirishani kumwashiria mwenye lori, maana gari lile halikuwa na taa za tahadhari. Lori likapiga honi. Akazungumza taratibu, macho yake yakiwa kwenye kioo.

"Najla, mwanangu. Mshike bibi kiunoni, kwa mikono miwili. Usimwamshe."

Najla aliinua uso kutoka kwenye simu. Aliona macho ya Aidarus, akaona dirisha, simu ikamponyoka. Akamzungushia bibi yake mikono yenye hina na kumvuta kifuani.

Hapo upepo wa daraja ukaupokea mlango. Ulifunguka wote kwa kishindo, barabara ikaonekana ikikimbia chini yao, mtandio wa Bi Ghaliya ukachomoka na kupotelea kati ya magari. Najla alipiga kelele lakini hakuachia. Mshono wa bega la gauni lake ulipasuka. Aidarus hakugeuka, alijua akigeuka tu watakwisha wote. Alishuka na daraja huku akisoma kila alichokumbuka katika Yasini, mpaka barabara ilipotoa nafasi pembeni, akalisimamisha gari.

Hapo ndipo Bi Ghaliya, mzito kwa usingizi wa wiki nzima, alipofumbua macho. "Tumefika?"

"Bado, Bi mkubwa," alisema Aidarus.

Kwenye komeo alikuta pindo la baibui limebanwa, limelowa grisi. Huenda lilishikilia komeo lisikaze, mtikisiko wa daraja ukalimalizia. Alitaka kuita teksi. Bi Ghaliya, aliyekuwa akilitazama bega la gauni la mjukuu wake lililopasuka, akamkatalia: Najla atafika kwa gari alilolisimulia babu yake. Akatoa kanga mkobani. Aidarus akaisokota, akavifunga pamoja vile vishikio viwili vilivyopakana, fundo juu ya fundo, kisha akawapandisha wote wawili kwa mlango wa kushoto.

Ukumbini watu waliidhani kanga ile ni pambo, mwanamke mmoja akaipiga picha. Thamer peke yake ndiye aliyeitazama akabadilika rangi. Wageni walipoingia, alimfuata Aidarus, akamkuta amekaa ukingoni mwa njia. Akaelezwa yote. Thamer akakaa chini, kanzu yake nyeupe juu ya vumbi, akaufunika uso.

"Mama anajua?"

"Alikuwa amelala. Anajua nusu. Najla ndiye anayejua yote."

Wakakaa hivyo, ngoma ikisikika ndani, mpaka mtu akaja kumwita baba wa bibi harusi.