Siku Rima Aliposema "My Bad"

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh, madam alinipeleka jikoni, kisha chumbani kwa mama mkwe wake. "Agnes, huyu ndiye kazi yako kubwa," alisema. Kila asubuhi nilimpa bibi kidonge cha presha, halafu nikaweka alama kwenye karatasi iliyobandikwa frijini. Nyinyi mnaojiandaa kwenda huko mjue: kazi ya ndani si kufagia na kupika tu.

Bintiye madam, Rima, alikuwa na miaka kumi na sita na alisoma shule ya Kiingereza. Alasiri ya siku ile ya kwanza alimwaga juisi sakafuni, akaniangalia na kusema, "My bad." Kwa matamshi yake ya Kimarekani, mimi nilisikia "my bed", yaani kitanda changu. Nikapanda ngazi kwenda kukitandika kitanda chake, nikakikuta kimetandikwa. Niliporudi, Rima alikuwa anafuta juisi mwenyewe, akinishangaa.

Familia ilipohamia Jeddah, walinichukua. Kule nilipata mapumziko ya Ijumaa, nikawa namtembelea Mwanaisha, Mkenya mwenzangu aliyepanga chumba mtaa wa Bani Malik. Siku moja nilimuuliza maana ya yale maneno, kwa kuwa Rima hakuacha kuniambia.

"My ni wangu, bad ni mbaya," alisema. "Anasema, wangu mbaya."

"Wake nani?"

"Mfanyakazi wake! Kwani nani mwingine?"

Nilirudi nikiwa nimevunjika moyo. Mtoto niliyempigia pasi sare zake zote!

Wiki hiyohiyo bibi alianguka akitoka msalani. Daktari alisema presha imeshuka mno, huenda amemeza dawa mara mbili. Tuliporudi naye nyumbani, madam alinisimamisha jikoni.

"Umempa mara ngapi?"

"Mara moja, madam. Alama ni moja, tazama."

"Basi ya pili imetoka wapi? Nitampigia kafili wako simu."

Kafili, yaani mdhamini wangu, alikuwa mumewe, na ndiye aliyeshika ikama yangu, kibali cha kuishi nchini. Hapo Rima, aliyekuwa mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "My bad, mama."

Nikaona nimemalizwa. Nilivua aproni. "Madam, nirudishe kwetu. Hata mtoto anasema mimi mbaya."

"La, Agnes!" Rima alilia. "Nimesema kosa ni langu! Nilimpa bibi kidonge kabla ya shule, nikasahau alama."

Alinieleza kwamba wachezaji wa mpira wa kikapu Marekani, mtu akikosea pasi, husema hivyo ili wenzake wajue kosa ni lake, mchezo uendelee. Hivyo ndivyo alivyosikia. Mwalimu wake alisema hakuna mwenye hakika maneno hayo yalikoanzia.

Madam akaniomba chai.

Bibi alipona, nami nikabaki hadi magoti yalipokataa. Sasa nimestaafu, niko Voi, na bado nayapima maneno yale. Anayesema samahani anakuomba kitu. Anayesema pole anakuonea huruma. Rima alinitajia tu kosa ni la nani. Je, aliniomba msamaha? Mimi nilimjibu "sawa", nikavaa aproni na kubandika chai. Mpaka leo sijui kama siku ile nilimsamehe, au niliendelea tu na kazi.